Kuwapeleka Watoto Wadogo Kuona Kasa Nungwi: Yanayopaswa Kuzingatiwa

Likizo za shule zinapowadia, familia nyingi zinazozuru kaskazini mwa Unguja hufika katika bwawa la kasa la Mnarani, kijijini Nungwi. Bwawa hilo si tangi la kioo wala la saruji. Ni shimo la asili ndani ya mwamba wa matumbawe, lililo karibu na mnara wa taa za meli ulioipa sehemu hiyo jina lake, na maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata bahari iliyo jirani. Mradi wa uhifadhi ulianzishwa hapo na wanakijiji wenyewe mwaka 1993. Kasa walionaswa katika nyavu za wavuvi, pamoja na watoto wa kasa, hutunzwa humo kabla ya kurudishwa baharini.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, nusu saa ya kutazama inatosha, na mara nyingi jambo la kwanza linalomvutia ni lile ambalo mtu mzima hulipita bila kulitazama: kasa anakuja juu kupumua. Kasa ni mnyama wa jamii ya mijusi na mamba, hana matamvua kama samaki, hivyo lazima atoe kichwa majini avute hewa. Anayeogelea huibuka kila baada ya dakika chache. Aliyelala anaweza kukaa chini kwa saa kadhaa. Mzazi anaweza kumwelekeza mtoto achague kasa mmoja na kuhesabu mara anazoibuka. Zoezi hilo humtuliza mtoto kuliko onyo lolote la kumtaka asipige kelele.

Watoto waliowahi kuwaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu huuliza kama hawa ni wale wale. Jibu ni kwamba kobe ana miguu ya kutembelea na huweza kuficha kichwa ndani ya gamba, ilhali kasa ana mapezi yaliyo kama makasia na kichwa chake hakiingii ndani. Kasa nao si wa aina moja. Kati ya aina tano zinazoonekana katika bahari ya Tanzania, mbili ndizo zinazotaga katika fukwe zake: kasa wa kijani na ng'amba. Ng'amba hutambulika kwa mdomo uliochongoka kama wa mwewe na vipande vya gamba vilivyopandana mithili ya vigae vya paa. Chakula chake kikubwa ni sifongo za kwenye matumbawe, wakati kasa wa kijani akishakua hula zaidi nyasi za baharini.

Katika usalama, hatari iliyo karibu zaidi ni ukingo wenyewe. Mwamba wa matumbawe una ncha kali na huteleza unapolowa, kwa hiyo mtoto avae viatu na ashikwe mkono wakati wote, hata pale maji yanapoonekana machache. Kulisha kasa kufanyike kwa maelekezo ya watunzaji pekee, na asiwepo wa kuingia majini akiwa amejipaka mafuta ya kujikinga na jua.

Ipo hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Kasa, kama walivyo wanyama wengine wa jamii yake, huweza kubeba bakteria wa salmonela wasiomdhuru yeye lakini wanaomletea binadamu kuhara na homa, na watoto walio chini ya miaka mitano huathirika zaidi. Mtoto aliyegusa kasa au maji ya bwawa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Wazazi wengi hubeba juisi na biskuti. Ni vema wakabeba na sabuni.

Safari hii ina uzito wa pekee kwa Zanzibar. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitalini. Novemba 2021, pia Pemba, watu saba walikuwa wamepoteza maisha kwa sababu hiyo hiyo, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Sumu hiyo inadhaniwa kutokana na mimea midogo ya baharini ambayo kasa huila. Haimwonyeshi mnyama kuwa mgonjwa, haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Inaweza pia kumfikia mtoto mchanga kupitia maziwa ya mama. Yeyote aliyekula nyama hiyo afikishwe kituo cha afya mara moja, bila kusubiri dalili, na aseme wazi alichokula, ingawa kuvua na kuua kasa ni kosa kisheria Bara na Visiwani. Hofu ya kushitakiwa isimcheleweshe mtoto kupata matibabu.

Hakuna haja ya kumsimulia mtoto wa miaka minne habari za vifo. Inatosha aambiwe, akiwa anamtazama kasa, kwamba mnyama huyu haliwi na kwamba akipewa nyama yake popote akatae. Mtoto wa umri huo hushika maneno aliyoyasikia mbele ya kitu alichokiona, na huyarudia nyumbani kwa bibi na babu, mahali ambapo tangazo la Serikali huenda lisifike.

Familia zinazolala karibu na fukwe wanazotagia zinaweza kumkuta kasa jike usiku akipanda kutoka baharini. Zizime tochi na taa za simu, zikae mbali nyuma yake na zimshike mtoto asimkaribie, kwa kuwa mwanga na vishindo humrudisha baharini kabla hajataga. Akishaondoka, kiota kisifukuliwe. Afisa uvuvi au uongozi wa shehia ujulishwe mahali kilipo.