Nintendo yaingia kwenye simu: Somo kwa wenye vibanda vya gemu

KATIKA mitaa ya Mbeya na Iringa, kibanda cha gemu ni biashara isiyohitaji maelezo marefu. Mtaji ni runinga, mashine, pedi mbili na benchi. Mteja hulipia mchezo, na faida ni kinachobaki baada ya kutoa pango na umeme.

Mshindani mkubwa wa biashara hiyo sasa si kibanda cha jirani. Ni simu iliyo mfukoni mwa mteja mwenyewe. Kijana mwenye simu ya kisasa na kifurushi cha intaneti hucheza akiwa ndani ya daladala, bila kulipia benchi la mtu.

Je, mwenye kibanda apambane na simu, aifuate, au afunge mlango? Swali hilo liliwahi kuikabili hata kampuni kubwa ya Japan, Nintendo.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1889 mjini Kyoto ikitengeneza karata. Baadaye iligeukia mashine za gemu. Mashine yake ya Wii, iliyotoka mwaka 2006, iliuzwa zaidi ya milioni 100. Lakini katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ilipata hasara, na Wii U, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo, haikufikisha hata mashine milioni 14.

Kwa miaka kadhaa rais wake, Satoru Iwata, aliukataa ushauri wa kupeleka gemu kwenye simu. Hofu yake ilikuwa bei. Gemu ya mashine huuzwa makumi ya dola, wakati kwenye simu watu wamezoea vya bure. Mkulima wa nyanya wa Ilula anaielewa hofu hiyo: bei ikishaporomoka, kuipandisha tena ni kazi.

Machi 2015, Iwata alitangaza ubia na DeNA, kampuni ya Japan yenye uzoefu wa gemu za simu. Aliweka msimamo: gemu za simu zitatengenezwa upya badala ya kuhamisha zile za mashine, na utengenezaji wa mashine utaendelea. Alifariki dunia Julai mwaka huo, kabla ya kuona matokeo.

Wengi walionja, wachache walinunua

Desemba 2016 ilitoka Super Mario Run. Mwanzo wake ulikuwa bure, kisha mchezaji alitakiwa kulipa mara moja karibu dola 10. Siku nne za kwanza ilipakuliwa mara milioni 40. Hadi mwisho wa Januari 2017 ilifikia milioni 78, lakini waliolipa walikuwa zaidi kidogo tu ya watano katika kila 100.

Gemu iliyofuata, Fire Emblem Heroes ya Februari 2017, ilitolewa bure, na mchezaji akalipa kidogo kidogo ndani yake. Ilipakuliwa na watu wachache kuliko Mario, lakini ikaingiza fedha nyingi zaidi. Si zote zilizofanikiwa, Dr. Mario World ya mwaka 2019 ilifungwa mwaka 2021.

Hata hivyo, Nintendo haikuhamia kwenye simu moja kwa moja. Machi 2017 ilitoa mashine mpya, Switch, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 150. Simu ilikuwa bango la kuwakumbusha watu Mario. Duka lilibaki kuwa mashine.

Mwenye kibanda afanye nini?

Somo la kwanza ni kutouza kwa bei ya kutupa kile kinachovuta wateja. Simu haina benchi la watazamaji wala kelele za bao la dakika ya mwisho. Mashindano ya Jumamosi yenye kiingilio na zawadi ndogo yanauza kitu ambacho simu haina.

La pili ni kuigeuza simu kuwa chanzo cha mapato. Mteja wa gemu anahitaji vocha, kuchaji simu na huduma ya kutuma fedha.

La tatu ni hesabu. Super Mario Run ilijaza watu, si mfuko. Kabla ya kukopa kununua mashine ya pili, mwenye kibanda aandike daftarini kwa mwezi mmoja ni wangapi waliokaa kutazama, na ni wangapi waliolipa.