Gari la Sasipensheni ya Hewa Likilala Usiku, Usikimbilie Kununua Kompresa

Jioni gari limeegeshwa likiwa limesimama sawa. Asubuhi kona ya mbele kushoto imelala, madigadi karibu iguse tairi. Mwenyewe anawasha injini, kompresa inanguruma, gari linanyanyuka taratibu, anaenda zake kazini. Wenye Discovery 3, Range Rover na Mercedes za Airmatic wanaijua sana hali hii.

Wengi huishi nayo hivyo hivyo kwa miezi. Siku kompresa inapokufa, wananunua nyingine, inafungwa, na baada ya muda nayo inakufa. Kumbe kilichoiua ya kwanza bado kipo palepale: upepo unavuja mahali.

Magari haya hayategemei springi za chuma. Kila kona ina mfuko wa mpira mzito uliojaa upepo. Kompresa inasukuma upepo, bloku ya valvu inaugawa kwenda kila kona, na sensa za urefu zinaiambia kompyuta gari limekaaje. Kompresa hiyo imetengenezwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi tu. Upepo ukivuja inalazimika kujaza kila mara, inachemka, na pete za pistoni zinalika.

Halafu kuna unyevu. Kompresa ina kikausho cha kunyonya maji kwenye hewa, na kikausho hicho hukauka pale upepo unaporudi kupitia humo ukitolewa nje. Ukitokea kwenye tundu la mfuko badala ya kupita huko, kikausho kinabaki na maji. Kwa miji ya joto na unyevu kama Dar es Salaam au Mombasa, hilo si jambo dogo, maana maji hayo huishia kwenye valvu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata fundi. Gari liegeshwe sehemu tambarare, lipimwe kwa tepu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, namba ziandikwe kwenye simu. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango wala kuwasha chochote, lipimwe tena. Kona moja ikishuka peke yake, mshukiwa ni mfuko wa kona hiyo au paipu yake. Zikishuka mbili za ekseli moja kwa pamoja, macho yaende kwenye bloku ya valvu. Gari lisiposhuka kabisa lakini likashindwa kunyanyuka, hapo ndipo kompresa, rilei au fyuzi zinapoingia kwenye orodha.

Tofauti ndogo sana isimtishe mtu. Upepo husinyaa ukipoa: joto likitoka nyuzi 30 hadi 20, presha inapungua kwa asilimia 3 hivi bila tundu lolote.

Ila kuna mtego hapa, na unawapoteza hata mafundi wazuri. Land Rover nyingi "huamka" zikiwa zimeegeshwa. Kompyuta ikikuta kona moja imeshuka, inatoa upepo kwenye kona nyingine ili gari likae sawa. Asubuhi gari zima liko chini, na mtu anaapa mifuko yote minne imekufa. Dawa yake ni kuchomoa fyuzi ya sasipensheni baada ya kuegesha. Kitabu cha gari kinaonyesha ilipo. Valvu zinabaki zimefungwa, kompyuta haiingilii, na kona yenye kosa inalala peke yake.

Baada ya hapo ni maji ya sabuni. Sabuni ya kuoshea vyombo, maji, chupa ya kupulizia, basi. Gari linyanyuliwe hadi kimo cha juu ili mikunjo ya mpira ifunguke, kwa sababu nyufa hupenda kujificha chini pale mpira unapojikunja. Pulizia, kisha subiri dakika nzima. Tundu kubwa linatoa mapovu papo hapo, ila dogo hujenga povu jeupe polepole, na mtu mwenye haraka halioni. Rudia gari likiwa kimo cha kawaida, maana kuna nyufa zinazofunguka kimo kimoja tu. Maungio ya paipu nayo yasisahaulike. Mara nyingine ncha ya paipu imechubuka tu: upepo ukishatolewa, inakatwa vizuri kwa wembe, inarudishwa, kazi imekwisha.

Mafuta ya aina yoyote yasitumike badala ya sabuni. Yanaharibu mpira.

Na hapa pasifanyiwe mzaha: hakuna mtu kuingia chini ya gari hili kabla stendi za chuma hazijawekwa chini ya chasisi, hata kama matairi yako ardhini. Mfuko ukipasuka au valvu ikifunguka, gari linashuka ghafla na linaweza kumkandamiza mtu. Jeki peke yake haitoshi, matofali ndiyo kabisa.

Sabuni isipoonyesha kitu, huenda uvujaji uko ndani ya valvu. Injini ikiwa imezimwa, weka povu kwenye tundu la kutolea upepo la kompresa. "Pssss" fupi baada ya gari kujipanga ni kawaida, ila mapovu yanayoendelea si kawaida. Mafundi wengine hufunga kwenye mfuko kipande cha paipu chenye valvu ya tairi, wanaujaza gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, kisha wanauacha usiku kucha. Ukibaki umejaa, mfuko ni mzima. Tatizo liko huko nyuma kwenye paipu au valvu.

Mashine ya kusoma kodi inasaidia, lakini isiachiwe uamuzi. Mara nyingi itasema kujaza kumechukua muda mrefu au presha ni ndogo, na fundi anasoma hapo "kompresa". Kodi hiyo haijui upepo umeishia wapi.

Discovery 3 ilitoka 2004, kwa hiyo za mwanzo zina zaidi ya miaka 20. Mfuko mmoja ukichanika kwa uzee, wa upande wa pili wa ekseli hiyo una umri uleule kama haujawahi kubadilishwa, na kubadilisha yote miwili kwa pamoja kunaokoa pesa ya ufundi.

Wapo wanaochoka na kufunga springi za chuma. Si dhambi, gari litatembea, ila uwezo wa kunyanyuka na kushuka unapotea. Kompyuta nayo lazima ishughulikiwe, la sivyo taa ya sasipensheni itawaka kwenye dashibodi kila siku.