Karavani zinavyopunguza makali ya msimu wa baridi pwani ya kusini mwa Australia

WAFANYABIASHARA wengi wanaotegemea wageni huihesabu miezi ya baridi kuwa ni miezi ya hasara. Wateja hupungua, vyumba hubaki wazi na bidhaa hulala dukani. Katika pwani ya kusini ya jimbo la Victoria, Australia, yenye majabali na upepo mkali, lipo kundi la wasafiri linalosaidia kupunguza makali hayo. Ni watu wa karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari.

Njia yao ni Great Ocean Road, barabara ya takriban kilomita 240 kutoka mji wa Torquay hadi Allansford, karibu na Warrnambool. Ilijengwa kati ya mwaka 1919 na 1932 na askari waliorejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa ajili ya kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Awali magari yalilipa ushuru kupita, lakini ulifutwa mwaka 1936 barabara ilipokabidhiwa kwa serikali.

Baridi huko ni kati ya Juni na Agosti. Mchana joto huwa nyuzi 13 au 14 hivi na mvua hunyesha mara kwa mara. Hata hivyo, wastaafu wasiofungwa na likizo za shule hupenda kusafiri wakati huo, kwa kuwa ada za viwanja vya kuegesha karavani huwa nafuu na hakuna msongamano wa Desemba na Januari.

Anayelala na anayepita

Kiuchumi, wageni hawalingani. Anayekuja kwa basi kutoka Melbourne hushuka Twelve Apostles, nguzo za mawe ya chokaa zilizosimama baharini, hupiga picha na kurudi jioni. Fedha anazoacha vijijini ni kidogo.

Mwenye karavani huja na kitanda chake, lakini hulipia kiwanja na umeme wa kupasha joto, hununua dizeli, mkate, nyama na gesi. Friji yake ni ndogo, hivyo hurudi dukani kila baada ya siku chache. Muuzaji anayefungasha kidogo kidogo ndiye anayemfaa.

Mkulima naye ana nafasi yake. Nyuma ya majabali ya Port Campbell kuna malisho ya ng'ombe, katika mojawapo ya kanda kubwa za maziwa nchini humo. Maziwa mengi huenda viwandani, ambako mfugaji hana sauti kubwa katika bei. Lakini kuzunguka mji mdogo wa Timboon, watengenezaji wa jibini, aiskrimu, chokoleti na pombe kali wamejiunga katika njia moja ya kutembelea wauza vyakula. Mgeni huhama kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na kila mmoja hunufaika na mteja wa jirani yake.

Aidha, baridi ina kivutio chake. Kati ya Juni na Septemba nyangumi majike huja kuzaa karibu na ufukwe wa Logans Beach, Warrnambool. Kuwatazama kutoka kwenye jukwaa la ufukweni ni bure. Kwa kuwa hawaonekani kila siku, mgeni ana sababu ya kuongeza usiku mmoja, na usiku huo ndio wenye malipo.

Tegemeo moja ni hatari

Pamoja na hayo, biashara hii inaning'inia kwenye barabara moja. Krismasi ya mwaka 2015 moto wa msitu uliteketeza nyumba 116 za Wye River na Separation Creek. Miteremko ikabaki bila mimea ya kushika udongo, na Septemba 2016 mvua kubwa ikaiporomosha. Sehemu ya barabara ikafungwa. Barabara ikifungwa, mwenye duka hana wa kumuuzia hata kama bidhaa zake ni bora.

Kwa mkulima au mchuuzi wa kando ya barabara popote pale, hesabu ya kuanzia si idadi ya magari yanayopita. Ahesabu yanayosimama, yanakaa muda gani, na kama ana kitu cha kuwauzia walio ndani kabla hawajaondoka. Na miti ya mteremko ulio juu ya barabara yake aihesabu kuwa sehemu ya mtaji.