Ndani ya Kompyuta, Sasa Hivi ni Saa Ngapi?

Kila programu, iwe ya benki, ya kukata tiketi za basi au kamera ya simu, huuliza saa. Mtumiaji hata halioni swali hilo. Lakini anayeandika programu ya kutumika kwenye Windows, Linux na macOS lazima alitazame kwa makini, maana mifumo hiyo haianzi kuhesabu mahali pamoja.

Unix na jamaa zake, Linux na macOS zikiwemo, huhesabu sekunde tangu ilipoanza tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, yaani UTC. Windows huanzia tarehe 1 Januari 1601, mwanzo wa mzunguko wa miaka 400 wa kalenda ya Gregori, na huhesabu vipande vya nanosekunde 100. Vipande milioni 10 ndiyo sekunde moja. Chukua ulipoingia mwaka 2000 kwa UTC, Dar es Salaam ikiwa saa 9 usiku. Unix huuandika wakati huo 946,684,800. Windows huuandika 125,911,584,000,000,000. Kutoka namba ya pili kwenda ya kwanza, gawanya kwa milioni 10 kisha toa 11,644,473,600, sekunde zilizopo kati ya 1601 na 1970. Ukikosea tarakimu moja, tarehe zote zitaharibika na programu haitalalamika.

Ndiyo maana nasisitiza: usiifanye hesabu hii mwenyewe ikiwa lugha yako imekwisha kuifanya. Python ina time.time(), Java ina System.currentTimeMillis(), na C++ ina std::chrono::system_clock. Angalia vipimo tu, kwani Python hutoa sekunde na Java hutoa milisekunde. Ukizichanganya, risiti ya leo itasoma tarehe ya zaidi ya miaka 50,000 ijayo. Katika C, time() ipo kila mahali, ila kiwango cha lugha hiyo hakitaji mwaka wa kuanzia. Mwaka 1970 umewekwa na POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, si na C yenyewe.

Jambo la pili ni saa za mahali. Kompyuta ina saa ndogo inayoendelea kutembea kwa betri hata umeme ukizimwa. Kwa kawaida Windows huiweka saa hiyo kwa majira ya mahali, Linux huiweka kwa UTC. Mtu wa Nairobi mwenye mifumo yote miwili kwenye mashine moja akitoka Linux na kuwasha Windows, huikuta saa iko nyuma kwa saa 3. Mashine si mbovu, wala betri haijaisha. Kwenye programu, dawa ni kuhifadhi wakati kwa UTC na kuugeuza pale tu unapomwonyesha mtumiaji. Aliye Bujumbura yuko saa moja nyuma ya aliye Dar es Salaam, na kumbukumbu iliyoandikwa “saa 4:00” bila kutaja wapi haina msaada kwa yeyote kati yao.

Na ukitaka kupima kazi imechukua muda gani, usitumie kabisa saa hii inayotoa tarehe. Mfumo huisahihisha kupitia intaneti, na unaweza hata kuirudisha nyuma. Hapo utapata kazi iliyomalizika kabla ya kuanza. Kwa kupima muda kuna saa isiyorudi nyuma: time.monotonic() kwenye Python, System.nanoTime() kwenye Java.

Mwisho, wenye mifumo ya zamani wakague leo namna inavyotunza wakati. Namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa huishia 2,147,483,647. Ukihesabu tangu 1970, sekunde hiyo itafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Baada yake, programu ambayo haikurekebishwa itasoma Desemba 1901.