Kurasa Chache za Kumshawishi Mwekezaji

Mwenye wazo la biashara anayetafuta mtaji hana budi, siku moja, kusimama mbele ya watu wasiomfahamu na kuwaeleza kwa nini wampe fedha zao. Kampuni changa hufanya hivyo kwa wasilisho, yaani kurasa kumi au zaidi kidogo zinazooneshwa kwenye skrini au kutumwa kwa barua pepe. Utafiti wa kampuni ya DocSend ya Marekani uliotolewa mwaka 2015, uliohusu kampuni changa 200, ulibaini kuwa mwekezaji hulisoma wasilisho zima kwa wastani wa dakika 3 na sekunde 44. Muda huo hautoshi hata chai kupoa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Airbnb, kampuni inayowaunganisha wasafiri na wenyeji wenye vyumba vya kupangisha. Mwaka 2008 waanzilishi wake watatu waliomba dola 150,000 kwa wawekezaji saba. Watano walikataa na wawili hawakujibu. Wasilisho lao la miaka hiyo husomwa hadi leo, na jambo la kwanza linaloonekana ni uchache wa maneno. Tatizo limeelezwa kwa sentensi tatu: hoteli ni ghali, humtenga mgeni na maisha ya mji, na hapakuwa na njia rahisi ya kupata chumba kwa mwenyeji. Namna ya kupata fedha imeelezwa kwa mstari mmoja: kampuni itachukua asilimia 10 ya kila malipo.

Mbona basi walikataliwa? Mmoja wa wawekezaji hao aliandika kwamba soko halikuonekana kuwa kubwa vya kutosha. Waanzilishi hao walijikimu kwa kuuza maboksi ya nafaka ya kifungua kinywa yenye picha za wagombea urais wa Marekani, kwa dola 40 kila boksi. Ustahimilivu huo ndio uliomvutia Paul Graham wa Y Combinator, aliyewapokea mapema mwaka 2009, na katika mwaka huohuo wakapata takriban dola 600,000 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Sequoia. Kurasa hufungua mlango; kinachomwingiza mtu ndani ni ushahidi wa kile alichokwisha kukifanya.

Ukubwa wa soko ndipo waombaji wengi wanapojikwaa. Tuseme kikundi cha vijana kinataka kufuga kuku wa mayai. Kuandika kwamba Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na kwamba kila mmoja akila yai moja tu kwa mwezi kikundi kitatajirika, si hesabu bali ndoto. Mwekezaji makini huiruka aya hiyo. Heri kuhesabu kuanzia chini: migahawa 12 iliyotembelewa, kila mmoja ukihitaji trei 5 kwa wiki, ni trei 60, sawa na mayai 1,800. Kuku wanaotaga kwa kiwango cha asilimia 80 watatakiwa kuwa wapatao 320. Kutokana na idadi hiyo hupatikana ukubwa wa banda, gharama ya chakula na kiasi cha fedha kinachoombwa, na kila tarakimu ina mahali ilikotoka. Iwapo migahawa mitatu tayari inanunua, iandikwe ukurasa wa mwanzo kabisa.

Ukurasa wa wahusika usijazwe vyeo. Aliyewahi kufuga kuku 50 na kupambana na kideri ana uzito kuliko mwenyekiti, katibu na mhazini wasioeleza wanachokijua. Vilevile fedha zinazoombwa zitajwe kwa shilingi kamili pamoja na kitakachokuwa kimefanyika zitakapokwisha.

Wakazi wanaokusudia kuomba mikopo ya halmashauri watambue tofauti moja kubwa. Mwekezaji hununua sehemu ya kampuni, hivyo hutafuta biashara inayoweza kukua mara nyingi, naye huvumilia hatari ya kupoteza. Mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini hurejeshwa. Kwa hiyo andiko la mkopo lioneshe kwanza mapato ya kila mwezi yatakayolipa marejesho, pamoja na miezi ambayo biashara hudorora. Matarajio ya kufungua matawi mikoa yote, yanayomfurahisha mwekezaji, huweza kumtia wasiwasi anayelipitia andiko la mkopo.

Kabla ya kuwasilisha, kikundi kimpe andiko mtu asiyeijua biashara hiyo, alisome kwa dakika nne, kisha aulizwe nani atanunua, kwa bei gani, na fedha zinaombwa za nini. Asipoweza kujibu, kurasa ziandikwe upya. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kuombwa kulipitia andiko la mkopo kabla halijafikishwa halmashauri.