Usipoandika wosia, sheria itakuandikia

Sisi Waswahili wa ughaibuni ni hodari wa michango ya msiba. Mtu akifariki London au Leicester asubuhi, jioni mweka hazina amekwishapatikana, na haupiti muda fedha za kusafirisha maiti au za kununua kaburi zimetimia. Ni jambo la kujivunia. Lakini matanga yakishaanuliwa huja swali lisilo na kamati: mali ya marehemu ni ya nani?

Wengi hatutaki kulisikia. Tunaona ni uchuro. Mume akitaja wosia, mke anauliza ni ugonjwa gani anaomficha. Mke akitaja, mawifi wanasema ana haraka ya kurithi.

Sheria haina aibu hizo. Katika England na Wales (Scotland ina taratibu zake), asiyeacha wosia hugawiwa mali yake na serikali. Mwenye mke au mume na watoto, yule aliyebaki huchukua vitu vya marehemu, pauni 322,000 za mwanzo, kiwango kilichowekwa Julai 2023, na nusu ya kinachosalia. Nusu nyingine ni ya watoto. Kama hakuna watoto wala wajukuu, huchukua vyote, na mama mzazi aliyeko Tanga, aliyekuwa akiishi kwa fedha za mwanawe, hapati hata senti. Muislamu anayedhani atagawiwa kwa mafungu ya Kurani ajue hayatatumika asipoyaandika.

Tena mke huyo awe ni wa ndoa inayotambulika. Waliofungishwa nikaha sebuleni hapa hapa England bila kusajili ndoa kiserikali, mbele ya sheria ya mirathi si mume na mke. Mjane wa namna hiyo, aliyelea watoto miaka ishirini, atabaki kwenda mahakamani kuomba afikiriwe chini ya sheria ya 1975, eda haijesha.

Kuandika wenyewe si kazi kubwa. Wosia uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, nao watie zao. Shahidi asiwe mrithi, wala mke au mume wa mrithi, maana atapoteza alichoachiwa. Sheria hiyo ni ya mwaka 1837 na hadi leo inawanyima watu haki zao kwa kosa la saini moja. Na ukioa au kuolewa upya, wosia wa zamani kwa kawaida hufutika.

Tabu kubwa iko nyumbani, kwa kuwa ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa Kisukuma waliotolewa katika nyumba zao walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa zinabagua lakini haikuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaamua kuwa Tanzania ilivunja haki zao. Waume zao walikuwa wamefariki zaidi ya miaka kumi kabla ya uamuzi huo.

Halafu kuna ile nyumba ya Mbagala au Kisauni iliyojengwa kwa zamu za usiku za huku, hati ikaandikwa jina la kaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Wosia hauwezi kugawa kisicho na jina lako. Kaka anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Siku akifa yeye, wanawe watairithi wakiwa na hati mkononi, na wako watabaki na risiti za fedha ulizotuma. Hati ihamishwe mngali hai wote wawili.

Mwenye mali huku na huko aangalie na hili. Huenda uliacha wosia Dar es Salaam, pengine umehifadhiwa RITA, wakala wa serikali anayepokea wosia za wananchi. Ukifika kwa wakili wa Uingereza, karatasi yake mara nyingi huanza kwa kusema unafuta kila wosia ulioandika nyuma. Ukitia saini bila kusoma, wa Dar es Salaam nao unaweza kwenda na maji. Mwambie kabla hajachapa kwamba upo mwingine, aandike kuwa huu ni wa mali ya Uingereza peke yake.