Baada ya Kidato cha Nne: Tumfunge Ngamia Kwanza



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi, mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo linalotusumbua kila ifikapo Desemba.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni takriban miezi minane. Hapa Nyambureti tunawaona vijana wetu katika miezi hiyo: huyu kapewa bodaboda ya mjomba wake, yule kakimbilia machimbo ya dhahabu, binti naye kaanza kuletewa posa kwa kuwa "yupo tu nyumbani". Tukiwauliza hujibu, "Ustadhi, tunasubiri matokeo, Mungu akipenda."

Ni maneno mema, lakini kusubiri peke yake si kutawakali. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimfundisha amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Je, sisi tumfunge ngamia kwa kamba ipi?

1. Tujue masomo yanayohesabiwa

Hili ni zito kwetu walimu wa dini, lakini ni amana tuliseme. Ili mwanafunzi achaguliwe kidato cha tano katika shule za Serikali, anatakiwa apate A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Vyuo vingi vya cheti navyo hutaka ufaulu wa angalau D nne, nazo zisiwe za dini. Hivyo basi, mwenye A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu na C mbili tu za masomo mengine hajafikisha. Tuisome dini yetu kwa bidii, kwani ndiyo dira ya maisha yetu na akhera yetu, lakini asiwepo atakayeacha Hisabati akidhani EDK itamvusha.

Vilevile, anayetaka kuwa tabibu hawezi kuepuka Biolojia, Kemia na Fizikia. Uamuzi wa kuendelea na Fizikia na Kemia hufanywa mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu. Kwa hiyo makala haya yanawahusu pia ninyi mlio kidato cha pili.

2. Tuandike milango mitatu

Chukueni karatasi kabla ya matokeo, mwandike: nikipata C tatu na zaidi nitafanya nini, nikipata D nne nitafanya nini, nikipata chini ya hapo nitafanya nini.

Mlango wa kwanza ni kidato cha tano. Wa pili ni vyuo vya kati vilivyosajiliwa na NACTVET. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa. Wa tatu ni ufundi: VETA wana chuo Musoma, na vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Tarime na cha Kisangwa, Bunda. Kozi ndefu za VETA huanza Januari na fomu hutolewa kabla ya hapo, hivyo anayengoja matokeo ndipo atafute fomu huweza kupoteza mwaka mzima.

Tusiudharau mlango wa tatu. Nabii Daud (a.s.) alifua chuma, na Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Aliyekosa alama anaweza pia kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea huku anajifunza ufundi.

3. Tuweke sawa vyeti na majina

Mtoto huyohuyo anaweza kuwa Khadija madrasa, Hadija shuleni, na Hatija katika cheti cha kuzaliwa. Hilo huonekana dogo hadi siku ya kuomba chuo au mkopo. Wazazi, linganisheni majina sasa. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Mugumu au Tarime. Aliyefikisha miaka 18 ajiandikishe NIDA.

4. Tupange fedha

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, sare na godoro bado ni juu ya mzazi. Mwenye mahindi au ng'ombe apange mapema ni kipi kitauzwa na lini, asije akauza kwa bei ya shida wiki ya kuripoti.

Kwa watakaofika chuo kikuu, Bodi ya Mikopo hutoa mkopo kwa wahitaji. Zipo familia zilizouogopa kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Aliyekata tamaa kwa sababu hiyo auangalie upya, na awaoneshe masheikh wenye elimu masharti yake kabla ya kusaini.

5. Tushauriane

Wazazi wetu, kaeni na mtoto jioni moja baada ya Isha. Muulizeni anataka nini, kisha msikilizeni hadi mwisho. Wa kike apewe nafasi sawa na kaka yake, kwani kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Mkishakubaliana, mwambieni aswali istikhara, na karatasi yake aihifadhi. Akikwama, atuletee sisi walimu wake hapa madrasa. Tutaisoma pamoja naye.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafanyie wepesi watahiniwa wetu wote na awape elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.